QloApps katika hoteli ndogo ya pwani: programu ya bure na gharama zake

QloApps ni programu huria ya kuendeshea hoteli, inayotengenezwa na kampuni ya Webkul ya India na kutolewa bila malipo kwa yeyote anayetaka kuipakua na kuisakinisha kwenye seva yake. Ndani yake mna vitu viwili ambavyo aghalabu hununuliwa mbalimbali: tovuti ambapo mgeni huchagua tarehe na kuweka nafasi, na dawati la ndani ambapo mhudumu wa mapokezi hugawa vyumba, hupokea wageni na kufunga hesabu zao. Naitathmini kwa macho ya msimamizi wa hoteli ndogo katika pwani ya Kenya, na hukumu yangu naitoa mapema: inaifaa hoteli ambayo tayari ina fundi anayeweza kupokea simu usiku wa manane, lakini hoteli isiyo na mtu huyo itaona kuwa bure hii ni ghali kuliko ada ya kila mwezi ya mifumo ya kukodi, ile inayokaa kwenye seva za muuzaji.

Asili ya QloApps hujitokeza mara tu unapofungua upande wa usimamizi, kwa kuwa imejengwa juu ya PrestaShop 1.6, programu ya maduka ya mtandaoni iliyoanzia Ufaransa. Chini kwa chini kila aina ya chumba ni bidhaa, uhifadhi ni oda, na mgeni ni mteja mwenye kikapu. Urithi huu una faida: tovuti ya mauzo imekamilika, kodi na sarafu hupangika kwa undani, na mafundi wanaoijua lugha ya PHP na hifadhidata ya MySQL, ambazo programu hii inazitumia, si adimu Mombasa wala Nairobi. Hasara yake ni kwamba menyu hubeba mambo ya dukani ambayo mhudumu wa zamu ya usiku hana haja nayo, hivyo kazi ya kwanza baada ya kusakinisha ni kumfungulia akaunti yake na kumwondolea kila kisichomhusu. Mfumo unaruhusu jambo hilo. Lisiahirishwe, maana skrini iliyosongamana ndiyo huwarudisha wafanyakazi kwenye daftari.

Kazi ya vyumba yenyewe imefikiriwa vizuri. Chumba chenye bomba bovu kinaweza kufungwa kwa tarehe maalumu bila kuathiri miezi mingine. Mgeni anaweza kuhamishwa kutoka chumba kimoja hadi kingine au kubadilishana na mgeni mwingine. Na masharti ya kurejesha fedha kwa aliyeghairi yanaweza kuwekwa kulingana na siku zilizobaki kabla ya kuwasili. Bei nazo hubadilika kwa tarehe, jambo la lazima katika pwani ambayo Desemba hujaa pomoni na Mei, wakati wa masika, baadhi ya hoteli hufunga milango kabisa. Kuhusu bei ya wakazi na ya wasio wakazi, programu inaweza kutenganisha makundi ya wateja, lakini haiwezi kuona kitambulisho cha mtu aliye upande wa pili wa skrini, na kwa hiyo uhakiki hubaki palepale ulipokuwa, kaunta ya mapokezi, pamoja na mabishano yake yote.

Penye uzito zaidi ni kodi na risiti. Hoteli nchini Kenya hutoza Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya asilimia 16 pamoja na ushuru wa utalii wa asilimia 2, na QloApps, kwa kurithi kanuni za PrestaShop, huweza kuzijumlisha kodi mbili juu ya bei ya msingi au kuzitoza moja baada ya nyingine. Chaguo hilo si dogo. Chumba cha shilingi 10,000 kitafika 11,800 kodi zote mbili zikihesabiwa juu ya bei ya msingi, lakini kitafika 11,832 endapo VAT itatozwa juu ya bei ambayo tayari imeongezwa ushuru. Shilingi 32 hakuna mgeni atakayezigombania, ila zikikusanyika msimu mzima, ankara za hoteli na marejesho ya kodi hayatalingana. Mpangilio huu afanye mhasibu akiwa amekaa pamoja na fundi, si fundi peke yake.

Halafu ipo eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguzwa katika hesabu ya kodi ya mapato, isipokuwa kwa misamaha iliyotajwa na sheria. Ndiyo sababu shirika linalofanya semina hotelini mwako halitakubali karatasi yenye nembo nzuri, bali litadai ankara yenye PIN yake, yaani namba yake ya mlipakodi. QloApps ni programu iliyoundwa kwa soko la dunia nzima, na kuiunganisha na eTIMS ni kazi ya ziada inayohitaji mtaalamu. Asiyeunganisha atalazimika kuandika kila mauzo mara mbili: mara moja katika programu na mara ya pili katika tovuti ya mamlaka. Hoteli yenye wageni wachache kwa siku huenda ikavumilia. Hoteli yenye ukumbi wa mikutano haitavumilia hata wiki.

Malipo yana hadithi inayofanana na hiyo. M-Pesa imekuwapo tangu 2007, na mgeni wa ndani hutarajia ombi la malipo litokee kwenye simu yake, aingize namba ya siri na mambo yaishe. Safaricom, kampuni inayoendesha M-Pesa, hutoa njia ya kuunganisha mifumo kupitia jukwaa lake liitwalo Daraja, na fundi mzuri anaweza kuifungamanisha na programu yoyote ambayo msimbo wake uko wazi. Hapa ndipo uhuria wa QloApps unapolipa, kwa kuwa huhitaji kumwomba ruhusa mtu wa mbali ili uongeze njia ya malipo. Pasipo kazi hiyo, mhudumu atasoma ujumbe, atanakili herufi na tarakimu 10 za muamala, na siku moja ataandika sifuri mahali pa herufi O.

Msimamizi anayechagua kati ya QloApps na mifumo ya kukodi kama Cloudbeds au Little Hotelier hana budi pia kuamua seva itakaa wapi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Mfumo wa kukodi uliowekwa ng'ambo hauna dawa ya siku kama hiyo. QloApps inaweza kuwekwa kwenye kompyuta ya ofisini, ikatumika ndani ya hoteli hata intaneti ikizimika, lakini hapo tovuti ya kuweka nafasi itategemea kompyuta hiyohiyo, umeme wake na laini yake; ukiiweka kwenye seva ya kukodi ili wateja waifikie wakati wote, umerudi kwenye tatizo lilelile la mwanzo. Kwa maoni yangu seva ya kukodi ndiyo afadhali, kwa sharti kwamba kila jioni orodha ya wanaowasili kesho na wanaolala leo ichapishwe na kuachwa mapokezi. Karatasi mbili za A4 zitamwezesha mhudumu kufanya kazi mpaka mtandao urudi.

Suala la kuuza chumba kimoja mara mbili halitatuliwi na programu hii peke yake. Wageni wanaopitia Booking.com au Expedia hawaonekani katika QloApps mpaka uunganishe kidhibiti cha njia za mauzo (channel manager), yaani programu inayooanisha nafasi za vyumba kwenye tovuti zote, na hicho hulipiwa kwa usajili tofauti. Anayetegemea mawakala hao kwa sehemu kubwa ya vyumba vyake alinganishe gharama hiyo, pamoja na gharama ya kukodi seva na malipo ya fundi, dhidi ya ada nzima ya mfumo wa kukodi ambao kwa kawaida huja na kiungo hicho ndani. Kwa hoteli nyingi ndogo hesabu itaelemea upande wa kukodi. Kuhusu Opera ya kampuni ya Oracle, huo ni mfumo wa hoteli kubwa zenye idara ya teknolojia, na sioni haja ya kuushindanisha na huu.

Taarifa za wageni zinastahili tahadhari kubwa kuliko wanavyozipa wauzaji. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ni ya mwaka 2019, na hoteli ni miongoni mwa shughuli zinazotakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Data. Mwaka 2018 kampuni ya hoteli ya Marriott ilitangaza kuwa hifadhidata ya Starwood, kundi la hoteli ililolinunua, ilikuwa imeingiliwa tangu 2014, na zaidi ya namba milioni 5 za pasipoti zilikuwa zimehifadhiwa bila kufichwa kwa msimbo; mdhibiti wa Uingereza aliitoza kampuni hiyo pauni milioni 18.4 mwaka 2020. Anayesakinisha QloApps huwa mlinzi wa taarifa hizo yeye mwenyewe: nakala za akiba, masasisho ya usalama na orodha ya wenye nywila ya msimamizi mkuu ni mzigo wake. Nimewahi kushuhudia mtoa huduma mmoja, wa mfumo mwingine kabisa, akiondoka na nywila hiyo baada ya kukosana na mwenye hoteli, na uhifadhi wa msimu mzima ukabaki umefungiwa. Mkataba na fundi uandike wazi kwamba akaunti kuu, anwani ya tovuti na seva vimesajiliwa kwa jina la hoteli.

Katika jambo hilo QloApps ina nguvu ambayo sikuitegemea kutoka kwa kitu cha bure. Siku utakapoichoka, hifadhidata nzima ya MySQL ni yako, na fundi yeyote ataweza kuinakili na kuipeleka kwingine bila kuomba kibali. Ukielekea kwenye mfumo wa kukodi badala yake, kabla ya kutia saini mwombe muuzaji akupakulie, mbele ya macho yako, orodha ya wageni na uhifadhi wa majaribio katika faili inayofunguka kwenye Excel, kisha uikague kama ina tarehe, bei na amana zote.