Bakuli na gia mpya za kijiti cha Nintendo 64: tathmini baada ya miezi minne

Kidhibiti cha Nintendo 64, mashine ya michezo ya video iliyotoka mwaka 1996, huzeeka kwanza kwenye kijiti cha katikati. Vitufe huendelea kubonyea vizuri miaka nenda miaka rudi, lakini kijiti hulegea na kulala upande, na mhusika kwenye skrini hujikokota hata ukikisukuma hadi mwisho. Spea ninayoitathmini hapa ni seti ya vipande vitatu vya plastiki, yaani bakuli moja na gia mbili zenye umbo la upinde. Kabla ya kuinunua nilijaribu njia ya mkato, ambayo ni kung'oa mtambo mzima wa kijiti na kupachika mwingine ulioundwa kwa mfano wa ule wa GameCube, mashine ya Nintendo iliyofuata.

Ili kuzipima spea hizi mbili kwa haki, ni lazima kwanza kuelewa kijiti halisi kinavyofanya kazi. Ndani yake mna visahani viwili vyenye vitundu vyembamba ukingoni, kila kimoja kikizunguka kati ya taa ndogo na sensa, na kutokana na jinsi mwanga unavyokatika na kurudi, kidhibiti hujua kijiti kimeelekea wapi na kwa kiasi gani. Mwanga haumsugui mtu, kwa hiyo sehemu hiyo hudumu. Kinachokwisha ni plastiki inayosagana na plastiki: ncha ya chini ya kijiti hulikwangua bakuli, na shina lake huipanua mianya ya gia. Nilipokifungua changu nilikuta katikati ya bakuli pamechimbika, na unga mweupe, laini kama wa chaki, umetanda hadi kwenye vitundu vya visahani. Wale waliocheza Mario Party ya kwanza, iliyowataka wazungushe kijiti kwa kasi kiasi kwamba Nintendo ilikubali kuwapa wachezaji wa Marekani glavu za kukinga viganja, wanaujua unga huo vizuri.

Mtambo wa mfano wa GameCube haukunichukua hata robo saa kuufunga, wala haukuhitaji lehemu. Uimara wake sina ugomvi nao. Tatizo ni kwamba kijiti halisi kikisukumwa hadi mwisho, namba ambayo kidhibiti huupelekea mchezo huishia karibu na 80 kila upande, na michezo ya wakati ule ilitungwa kwa kipimo hicho, ilhali huu wangu ulivuka 100 kabla sijafika mwisho. Kutembea kwa kunyata kulinishinda kabisa, kwa sababu msukumo mdogo tu ulimfanya mhusika atimue mbio. Niliuondoa baada ya wiki mbili.

Seti ya bakuli na gia inadai subira zaidi. Skrubu za mgongoni hufunguka kwa bisibisi ya kawaida ya nyota, ila mbili zimejificha ndani ya nafasi ya kadi ya kumbukumbu, na anayezisahau akalazimisha ganda kufunguka atalipasua. Springi ya kijiti nayo huruka mara tu inapoachiliwa, kwa hiyo ishikilie kwa kidole. Nilisafisha visahani kwa brashi laini na spiriti, nikavikausha, kisha nikapanga vipande vipya. Hapo nilikwama: gia moja ilikuwa na kijipele cha plastiki kilichobaki kiwandani, ikawa inakwama inapozunguka, na nililazimika kukisugua kwa msasa mwembamba. Karatasi ya maelekezo haikusema neno juu ya hilo, wala juu ya grisi. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba seti haina kijiti chenyewe. Ncha ya kijiti cha zamani ikiwa imeliwa, bakuli jipya halitauondoa ulegevu wote, na changu bado kinacheza kidogo sana kikiwa wima.

Hata hivyo, matokeo yamenifurahisha mno. Programu ya kupimia ilinionyesha 82 kulia, 81 kushoto, 83 juu na 79 chini, na kwa kuwa visahani na sensa ni vile vile vya asili, mkono wangu ulikitambua kijiti mara moja. Kunyata kumerudi, na kulenga shabaha hakuyumbi tena. Katikati ikipotea, kubonyeza L, R na Start kwa pamoja hukirudisha mahali pake, kama ilivyokuwa siku zote. Kwa mwenye bisibisi na jioni moja ya utulivu, hii ndiyo spea ninayoipendekeza bila kusita, mradi aagize kijiti kipya pamoja nayo.

Wiki iliyopita nilikifungua tena ili nijionee mwenyewe. Unga haukuwepo. Palikuwa na mstari mmoja mwembamba unaong'aa mahali ncha ya kijiti inapopita. Nikaufuta, nikapaka grisi ya silikoni kidogo sana, nikakifunga.