Gundi ya C2TE S1 kwa vigae vikubwa: inachoweza na isichoweza juu ya sakafu ya saruji

Kwenye mfuko wa gundi ya vigae, kinachovuta jicho ni jina la kampuni na picha ya sebule inayong'aa. Maandishi ya kusoma kwanza ni yale madogo ya ubavuni: C1, C2TE, C2TE S1, C2F S2. Hapa tunaipima C2TE S1, gundi ya unga yenye saruji na polima (aina ya plastiki), katika kazi moja: kubandika vigae vya porselini vya sentimita 60 kwa 60, 60 kwa 120 na vinavyokaribia hapo, juu ya sakafu ya saruji na mchanga. Kwa kazi hiyo inastahili sifa, na ndiyo tungeinunua. Lakini wengi huinunua wakitarajia ifidie sakafu mbovu, na hapo ndipo inapolaumiwa bure.

Herufi hizo zinatoka kwenye viwango vya EN 12004 (vya Ulaya) na ISO 13007 (vya kimataifa). C ni gundi ya saruji. Namba 1 inadai ishike angalau nyutoni 0.5 kwa milimita mraba. Namba 2 inadai nyutoni 1, na idumu hivyo hata baada ya kulowekwa majini na kupashwa joto. T maana yake kigae hakitelezi kikiwa ukutani. E maana yake gundi iliyokwisha kupakwa bado inashika baada ya dakika 30, si 20 za kawaida. S1 ni uwezo wa kupinda: kipande cha gundi iliyokauka hukubali kupinda milimita 2.5 hadi chini ya 5 kabla ya kuvunjika. S2 hufika 5 na zaidi.

Kwenye sakafu, herufi zenye kazi ni 2, E na S1. T haikusaidii sana, na kwa kweli ina gharama yake: gundi isiyoteleza huwa nzito, mistari yake hukaa wima kama matuta ya viazi, na kigae kikubwa kikiwekwa juu bila kusukumwa, matuta hayo hayalali. Ukikibandua baada ya dakika mbili unakuta mistari ya gundi na mifereji mitupu katikati. Huu ndio upungufu mkubwa wa bidhaa hii kwa sakafu. Baadhi ya watengenezaji wana gundi ya C2E S1 iliyo nyepesi zaidi, inayojitandaza chini ya kigae. Ukiipata, kwa kazi ya sakafu tu ni bora kuliko yenye T.

Wanaouliza kwa nini wasitumie tope la saruji kama zamani wajue porselini si kigae cha zamani. Kigae cha udongo kilikuwa kinanyonya maji, na saruji ilipata vitundu vya kuingilia na kushika. Porselini hunyonya asilimia 0.5 tu au chini ya hapo. Saruji tupu haina pa kushika. Hukauka, husinyaa, na kigae hubaki kimelala juu yake bila kushikwa. Miezi kadhaa baadaye kinalia kitupu ukikigonga, au safu nzima inainuka katikati ya chumba siku ya joto. Polima ndiyo inayoshika mahali pasipo na vitundu. Kwa sababu hiyohiyo, usiloweke vigae vya porselini kabla ya kubandika. Vifute tu mgongoni kwa sponji yenye unyevu: ule unga mweupe wa tanuri ukibaki, gundi itashika unga badala ya kigae.

Sasa sakafu yenyewe, maana nusu ya malalamiko kuhusu gundi ni malalamiko kuhusu sakafu.

Weka rula ya aluminiamu ya mita 2 kila upande, pamoja na mshazari. Nafasi chini yake isizidi milimita 3. Zaidi ya hapo, saga vilima na jaza mabonde siku moja kabla, kwa saruji ya kusawazisha inayooana na gundi. Usijaze kwa gundi yenyewe. Mifuko mingi huweka kikomo cha unene, mara nyingi milimita 10, na si kwa kubahatisha: gundi nene husinyaa ikikauka, na mahali palipo na milimita 15 karibu na palipo na 4, kona ya kigae huvutwa chini na ngazi hutokea asubuhi yake ilhali jioni palikuwa sawa.

Kagua ugumu kwa msumari. Ukikwaruza na ukatoa mchanga mwingi, sakafu ni dhaifu na gundi nzuri itang'oka nayo. Kisha dondosha maji. Yakinywewa papo hapo, sakafu ina kiu na itaiba maji ya gundi kabla saruji yake haijashika, kwa hiyo ipakwe kwanza praima ya akriliki, rangi ya awali ya kupunguza unywaji huo. Yakisimama juu kama shanga, kuna nta, mafuta au niru (tabaka la saruji tupu lililolainishwa juu). Niru ni adui wa wazi hapa: ule uso laini unaong'aa lazima ukwaruzwe kwa grenda yenye diski ya almasi mpaka mchanga uonekane, kisha vumbi liondolewe kwa mashine ya kuvuta, si kwa fagio tu.

Unyevu unahitaji subira. Sakafu ya saruji hukauka takriban milimita moja kwa siku kwa milimita 40 za kwanza, na polepole zaidi baada ya hapo. Ya milimita 50 haiwezi kuwa tayari baada ya wiki mbili tu, hata ikionekana nyeupe. Saruji changa bado inasinyaa, na S1 haiwezi kubeba msinyao wote huo. Wala haizibi ufa. Ufa uliopo chini utapanda juu kupitia kigae isipokuwa utandikwe utando wa kutenganisha au ufa wenyewe urekebishwe.

Kuhusu kiasi, usiamini mita za mraba zilizoandikwa mbele ya mfuko. Mara nyingi zimehesabiwa kwa mwiko wa meno madogo. Hesabu yenye ukweli ni kilo 1.2 hadi 1.4 za unga kwa mita moja ya mraba kwa kila milimita ya unene. Kwa mwiko wa meno ya milimita 10 pamoja na kupaka mgongo wa kigae, tegemea kilo 6 hadi 7. Chumba cha mita 20 za mraba kitakula mifuko sita ya kilo 25. Anayenunua mitatu kwa kuamini mfuko ataishia kupaka matone matano mgongoni mwa kigae ili gundi itoshe, na hakuna njia ya uhakika zaidi ya kupasua porselini. Mguu wa kiti au wa kabati ukitua juu ya utupu kati ya matone, kigae kimekwisha.

Kuchanganya ni rahisi ukifuata mfuko. Maji kwanza, unga baadaye. Mfuko wa kilo 25 kwa kawaida huomba lita 6 hadi 8, na kila mtengenezaji ana kiasi chake, kwa hiyo pima kwa chombo. Koroga kwa drili ya mwendo mdogo, acha dakika 5 polima iyeyuke, koroga tena. Ikianza kukaza ndani ya ndoo, usiiongeze maji. Italainika mkononi, lakini nguvu iliyopotea hairudi.

Ile E ya dakika 30 ilipimwa maabara, nyuzi joto 23 na bila upepo. Madirisha yakiwa wazi na jua likipiga sakafuni, utando unaweza kufunga juu ya gundi baada ya dakika 10. Gusa kwa kidole: kikitoka kikavu, kwangua yote na upake mpya. Ndiyo maana kwa vigae vya 60 kwa 120 tunashauri kupaka eneo la kigae kimoja, viwili kwa wingi.

Paka kwanza kwa upande bapa wa mwiko, ukikandamiza gundi iingie sakafuni, kisha chana kwa meno. Mistari yote inyooke upande mmoja, sambamba na upande mfupi wa kigae, ili hewa itoke kwa njia fupi. Ile mitindo ya kuzungusha kama feni hufungia hewa ndani. Mwiko uwe umeinama nyuzi kama 60, maana ukiulaza matuta hupungua karibu nusu. Mgongo wa kigae upakwe tabaka jembamba kwa upande bapa. Kigae cha 60 kwa 120 huwa na kilo 15 hivi, kwa hiyo watu wawili na vinyonyeo vya kubebea. Kiwekwe, kisha kisukumwe mbele na nyuma kukatiza mistari, si kufuata mistari. Hilo ndilo linalovunja matuta ya gundi yenye T. Bandua kigae cha kwanza ukague. Mgongo uwe umefunikwa wote, hasa pembe.

Klipu za kusawazisha pamoja na kabari zake zinafaa kununuliwa, kwa masharti. Weka moja sentimita 5 hivi kutoka kila kona, na nyingine kila sentimita 30 au 40. Zinashikilia vigae viwili katika kimo kimoja gundi inapokaza. Haziondoi bonde: kabari ikivuta kigae kilicholala chini, inakiinua kutoka kwenye gundi na kuacha utupu ambao hutauona. Zivunjwe siku inayofuata, kwa kupiga kufuata mwelekeo wa kiungo (nafasi kati ya kigae na kigae), kamwe si kukikatiza.

Vigae virefu huwa na mpindo mdogo katikati, hivyo mpangilio wa nusu kwa nusu kama tofali hukutanisha kitovu cha kimoja na ncha ya kingine, na ngazi hutokea hata kwa fundi hodari. Sogeza theluthi moja au panga sambamba. Viungo viwe milimita 2 angalau, 3 ni salama zaidi. Pembezoni mwa kuta acha milimita 5 hadi 8 zisizojazwa gundi wala grauti (unga wa kujazia viungo), sketi, yaani ukanda wa chini ya ukuta, itaziba. Ndani ya nyumba weka kiungo cha kunyumbulika kila mita 8 hadi 10, na pale ambapo sakafu ya chini ina kiungo chake, kiungo hicho kiendelezwe juu mpaka usoni mwa vigae na kijazwe silikoni.

Grauti isubiri saa 24, na kwa porselini kubwa tungesubiri 48, kwa sababu maji ya gundi hayana pa kutokea ila kwenye viungo. Anayehitaji chumba kesho yake anunue aina yenye F, inayokaza haraka, na achanganye nusu mfuko kwa mara. Mwenye vigae vya mita moja kwa mita moja na zaidi, au sakafu inayopigwa na jua mchana kutwa, aende kwenye S2. Mwenye vigae vidogo vya udongo ndani ya chumba kikavu hana haja ya kulipia S1, C1 inamtosha.

Kabla ya kulipa, tafuta tarehe ya kutengenezwa. Unga mwingi wa aina hii hudumu miezi 12 ukiwa pakavu. Finya mfuko kwenye pembe zote nne: ukikuta madonge magumu, urudishe. Kuchekecha madonge hakurudishi saruji iliyokwisha kushika.