Duka la yunifomu mjini Mombasa: kushona wanajua, ila wanajiona ndio dipti (naibu wa mwalimu mkuu) wa shule

Nyota tatu. Kwa ushonaji peke yake ningewapa hata nne na nusu lakini ngojeni kwanza.

Jina la duka silitaji. Barua ya shule ilisema yunifomu inunuliwe pale na si kwengine, kwa hivyo utake usitake zile ngazi utazipanda. Sketi 1,300, blauzi 850, sweta 1,500. Sweta jamani! Mombasa, Januari, kaskazi imeshika na jua liko utosini, mtoto abebe sweta nzito ya sufu ya watu wa Limuru kwenye baridi. Nikauliza kwani ni lazima, kijana wa kaunta akanambia "mama, iko kwa listi."

Vitu vyao vizuri, siwanyimi hilo. Marinda yamekaa sawa, zipu haikwami, upindo wameacha mkubwa wa kufumua mwaka ujao mtoto akirefuka (kina mama mnanielewa). Nishafua mara nne rangi haijatoka.

Balaa ni mtandio. Binti yangu anaingia gredi 10 na hijabu anavaa tangu akiwa mdogo, nikaomba tu mtandio mweupe wa kwenda na blauzi, kijana akasema hauzi mpaka nilete barua ya mwalimu mkuu. Barua ya kununua kitambaa! Nikamwambia wewe, kesi ya hijabu ya Isiolo unaijua? Mahakama ya Rufaa 2016 iliwapa wasichana haki waivae shuleni, Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua, sana sana kwa vile dai lenyewe lilivyoingizwa kesini, na ikataka shule ikae na wahusika watunge kanuni. Na Septemba ya mwaka uo huo Mahakama Kuu ikasema yule msichana wa Kirasta wa Kibra alionewa, shule ilimrudisha nyumbani sababu ya dredi zake. Sasa majaji wazima wanavutana miaka na miaka, wewe na tepu yako shingoni umeshakata hukumu? Akacheka tu, akamhudumia mwengine.

Nikaenda shule na hasira zangu. Mwalimu mkuu wala hakuniuliza kitu, dakika mbili barua iko tayari, akashangaa hata kwa nini naiomba, hijabu nyeupe inaruhusiwa miaka yote. Kumbe sheria ni ya duka! Nikarudi nikauziwa mtandio 300, wa aina ile ile Biashara Street nimeuona 150.

Sketi nayo binti alitaka iishie magotini, wakakataa, vidole vinne chini ya goti. Hapo siwalaumu, manake ikirudishwa shule wao ndio watakaofumua bure.

Kilichoniokolea siku ni mzee wa cherehani kule nyuma anayedarizi majina, shilingi 50. Akamwita binti yangu, "mjukuu wangu, njoo uchague uzi, jina nakutilia ndani ya kiuno, huko hakaguliwi mtu." Yule mtoto aliyekuwa amenuna tangu asubuhi akasimama pale dakika kumi nzima anapekua vibweta vya nyuzi, mwisho akachukua zambarau, halafu akaomba na ua dogo pembeni ya jina. Mzee akatia ua, hela ya ua hakutaka.

Mkienda nendeni kabla wiki ya kufungua shule, asubuhi mapema. Kaunta lipeni mpite, muulizieni mzee.