Springi fupi au koilova kwa gari la mjini: uzoefu wangu, pamoja na hasira zangu

Nianze na hukumu, ili asiye na muda aondoke nayo: kwa gari la kutembelea mjini Dar es Salaam, nunua springi fupi za kushusha gari, uzifunge pamoja na shokapu mpya, uachane kabisa na koilova, yaani shokapu na springi zilizoungana kuwa kifaa kimoja cha kubadilishwa kimo. Hivyo ndivyo ninavyoamini ninapoanza kuandika. Sina hakika kama nitaamini hivyo nikimaliza.

Gari langu ni Subaru Impreza la kwenda kazini na kurudi nyumbani. Nilitaka tu lile pengo kati ya tairi na fenda lipungue, na gari lisilale sana kwenye kona. Muuzaji wa springi alinieleza bila kunificha kwamba springi fupi huilazimisha shokapu ya kiwandani kufanya kazi ikiwa tayari imezama, kwa hiyo nafasi yake ya kushuka huwa ndogo, ile raba inayoikinga shokapu isigonge mwisho hugongwa mara kwa mara, na shokapu iliyokwisha kuchoka hufa mapema. Akanishauri nichukue na shokapu mpya za kampuni ya KYB. Nilipojumlisha nikakuta bei haiko mbali na ya koilova, na gereji moja ikanikoleza kwamba koilova unaipandisha na kuishusha utakavyo, na ugumu wake unauchagua kwa kuzungusha kidude kilicho juu yake. Yote hayo ni kweli, na ndiyo yanayoniudhi.

Koilova nilizonunua hubadilishwa kimo kwa kuuzungusha mguu wa chini, ambao una nyuzi zake peke yake kama za skrubu, na hapo mwendo wa shokapu haupungui hata kidogo. Ringi iliyo chini ya springi kazi yake ni kuishika springi isicheze. Fundi aliyekabidhiwa gari langu hakuugusa mguu wa chini. Aliiteremsha ringi ya springi mpaka gari likakaa chini alivyotaka yeye, na ukilinyanyua kwa jeki ungeweza kuizungusha springi kwa mkono. Shokapu ikabaki imezama, yaani ugonjwa uleule niliokuwa nalipa ili kuukwepa. Zaidi ya hapo, ringi ya kufungia ya upande wa kulia hakuikaza, nayo ikawa inateremka yenyewe siku baada ya siku, hata gari likaanza kuinama kama mtu mwenye jino bovu. Kwenye rasta za barabara ya Bagamoyo nilikuwa nasikia chuma kikigonga chuma. Alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, pia haikufanywa, na tairi za mbele zikalika upande wa ndani.

Haya yote ningeyasamehe, kwa kuwa ringi hukazwa na tairi hununuliwa. Lakini niliporudi pale, mkuu wa mafundi hakuinama hata kutazama chini ya gari, simu ikiwa mkononi, akasema, "Kaka, ukitaka kulala usingizi kwenye gari, nunua Noah." Vijana wake wakacheka. Sina ugomvi wowote na Noah, ni gari linaloheshimu mgongo wa abiria. Ugomvi wangu ni na mtu anayepokea fedha ya kufunga kifaa asichokijua, kisha akamwita mteja mlegevu. Na ndiyo maana nasema springi fupi: haziwezi kurekebishwa, na kisichoweza kurekebishwa hakimpi fundi wa namna ile nafasi ya kukiharibu.

Hata hivyo sina budi kueleza kilichofuata. Mzee mmoja mwenye gereji ndogo Mbezi aliniitikia shikamoo yangu, akalala chini ya gari kimya kwa muda mrefu, kisha akachukua spana yenye ndoano na kuanza upya. Aliibana springi kiasi tu cha kutocheza, akapata kimo kwa mguu wa chini, akakaza ringi zote. Nilipomwomba alishushe zaidi akakataa. "Mwanangu," akasema, "tazama huu mkono wa chini unaoshika gurudumu, ukianza kupanda kuelekea tairi, gari litaonekana la mbio lakini litalala kwenye kona kuliko mwanzo." Niliona aibu kubishana naye. Tangu alaimenti ifanywe, gari linapita matuta ya Goba kwa utulivu ambao sikuutegemea kwa koilova zilezile, na masika yalipofunika mashimo kwa maji tuliliinua kidogo, jambo ambalo springi fupi zisingeniruhusu.

Basi labda ni koilova, lakini kwa mwenye fundi wa namna hiyo tu, na mwenye subira ya kusafisha zile nyuzi, kwa sababu vumbi na hewa ya chumvi ya pwani huzishika kwa kutu hadi zikagoma kuzunguka. Asiye na fundi arudi juu akasome sentensi yangu ya kwanza.

Kuhusu gereji ile sibadili neno. Nilipodai shokapu na springi zangu za kiwandani, niliambiwa zilitupwa. Shokapu nne zisizovuja hazitupwi Dar es Salaam. Huuzwa kabla jua halijazama, na ninataka fedha ya mauzo hayo.