Uzoefu wangu: kitabu cha picha cha watoto kuhusu Genghis Khan

Kitabu hiki kuhusu Genghis Khan, mwasisi wa dola ya Wamongolia, kimeandikwa kwa Kiingereza, nami nilimnunulia binti yangu wa darasa la tatu. Katika michoro ya maisha ya kila siku sina la kulalamikia: farasi ni wafupi na wanene kama walivyo farasi wa Mongolia, si wale warefu wa kwenye filamu, na hema la duara la sufu iliyoshindiliwa limechorwa hadi fito za paa na tundu la kutolea moshi. Kutekwa kwa Börte, mke wa Genghis Khan, na watu wa kabila la Merkit kumesimuliwa kwa sentensi mbili zenye staha, nami naona zinatosha.

Penye vita dhidi ya China ndipo mambo yanapoharibika. Wapanda farasi wanaukabili ukuta wa matofali wenye minara, uleule wanaoupiga picha watalii wa leo, ambao kwa sehemu kubwa ulijengwa na nasaba ya Ming, iliyoshika utawala mwaka 1368, yaani miaka zaidi ya 140 baada ya Genghis Khan kufariki. Ramani ya dola yake nayo imeandikwa 1227, mwaka wa kifo chake, lakini imeiingiza Baghdad, iliyotekwa na mjukuu wake Hulagu mwaka 1258, pamoja na China ya kusini, ambayo Kublai, mjukuu wake mwingine, alimaliza kuiteka mwaka 1279. Mtoto husahau maneno upesi, ila ramani yenye rangi humkaa kichwani kwa miaka, na ndiyo maana kosa hili limeniudhi kuliko mengine.

Historia ya Siri ya Wamongolia, kitabu chao cha kale kuliko vyote vilivyobaki, inaeleza kwamba Temujin (ndilo jina la Genghis Khan la utotoni) akiwa kijana alimuua Bekhter, ndugu yake wa baba mmoja. Kama mwandishi angelinyamaza tu, nisingekuwa na neno, kwa kuwa si kila jambo linafaa kwa umri huo. Badala yake anamsifu kuwa mtoto aliyewalinda ndugu zake wote. Huko si kufupisha tena.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Mzazi anayeweza kukaa pembeni na kusahihisha anaweza kukinunua. Kwa maktaba ya shule, ambako mtoto hujisomea peke yake, ningesubiri toleo lenye ramani mpya.