Nanoscribe Photonic Professional GT na resini ya IP-Dip: inafaa kiasi gani kwa vimia vya nano?

Kwa maabara inayotaka kuchapa vimia vya nano, yaani viunzi vidogo mno vya fito zilizoungana kama wavu, na kuvipima nguvu, Photonic Professional GT ya Nanoscribe, kampuni ya Karlsruhe, Ujerumani, ni mashine nzuri kwelikweli. Tunaipendekeza, kwa sharti moja: usipime kimia ulichochora kwenye kompyuta, pima kilichotoka kwenye resini. Hivyo viwili havifanani.

Leza yake ya nanomita 780 hugandisha resini pale tu fotoni mbili zinapomezwa kwa pamoja, yaani kwenye kitovu cha mwanga. Kwa lenzi ya 63x, inayochovywa moja kwa moja kwenye tone la IP-Dip, chembe inayoganda huwa na upana wa nanomita 200 hivi, lakini kimo chake ni karibu mara tatu ya hapo. Ndiyo maana ufito uliolala hutoka na mkato wa duaradufu, na uliosimama hutoka wa duara. Kimia kile kile kitakuwa na ugumu tofauti ukikibana kutoka juu na ukikibana kutoka ubavuni. Dawa ni kupitisha leza kwa mistari kadhaa sambamba ili ufito upanuke na kukaribia duara. Gharama yake ni fito nene na kimia kizito zaidi.

Chagua bamba la silikoni. Mashine hutafuta uso wa bamba kwa mwanga unaorudi, na kioo cha kawaida hupindisha mwanga karibu sawa na IP-Dip, kwa hiyo uso haupatikani kwa urahisi. Fanya kazi chini ya taa za njano. Kabla ya sampuli yenyewe, chapa safu ya vimia vidogo ukibadilisha nguvu ya leza kwa hatua. Kasi ya milimita 10 kwa sekunde ni mahali pazuri pa kuanzia. Nguvu ikizidi, resini huchemka na kuacha mapovu ndani ya nodi, yaani pale fito zinapokutana. Ikipungua, fito husombwa wakati wa kuosha.

Kuosha ni dakika 20 kwenye PGMEA, kiyeyushi kinachoondoa resini isiyoganda, kisha 5 kwenye isopropanoli. Hapa ndipo sampuli nyingi hufia: kioevu kikikauka hewani, mvutano wa uso wake huvuta fito zikagandamana. Tumia kikaushio cha kaboni dioksidi, kinachovuka nyuzijoto 31 za Selsiasi na mgandamizo wa baa 74 ili pasiwe na uso wa kioevu wa kuvuta chochote. Hata hivyo resini husinyaa, na kwa kuwa kitako kimeshikwa na bamba, kimia hubaki kipana chini na chembamba juu. Pima vipenyo kwa darubini ya elektroni, chini, katikati na juu, ndipo ukokotoe densiti.

Wanaotaka kimia cha seramiki hupaka alumina (oksidi ya aluminiamu) juu ya fito, tabaka moja la atomu baada ya jingine, hukata kingo kwa boriti ya ioni, kisha huacha plasma ya oksijeni iondoe polima ya ndani, yaani resini iliyoganda, fito zibaki mirija mitupu ya alumina. Mkato ukiwa mdogo mno, polima hubaki katikati, na unachopima ni mchanganyiko, si alumina. Kazi ya Caltech, taasisi ya teknolojia ya California, Marekani, ya mwaka 2014 ilionyesha thamani ya subira hii: vimia vya mirija yenye kuta za nanomita 10 vilibanwa hadi karibu nusu ya kimo na vikainuka tena, ilhali vya kuta za nanomita 50 vilivunjika ghafla. Kinachoamua ni uwiano wa unene wa ukuta na nusu kipenyo cha ufito.

Usishtuke pia ugumu ukishuka haraka kuliko nadharia. Kimia cha okteti, chenye fito 12 kwa kila nodi, kilitarajiwa kupoteza ugumu sambamba na densiti, yaani kwa kipeo cha 1; Caltech walipata kipeo cha karibu 1.61. Nodi zina ukubwa wake, na kuta za mirija hupinda.

Udhaifu mkubwa wa mashine ni ujazo. Uga wa lenzi ya 63x hauzidi sana mikromita 200, na kila unapounganisha uga na uga panabaki mshono unaoanza kupasuka kwanza. Kwa vipimo vya kubana, baki na mchemraba usiozidi mikromita 100, na tumia ncha bapa pana kuliko uso wake wa juu.