Matembezi ya Greenham Common: nendeni, ila msiondoke kabla ya mwisho

Ndugu zangu wa Reading, Slough na pande hizi, mnaoniuliza kila wikendi mahali pa kwenda pasipo maduka: nimepapata, ni Greenham Common, uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi karibu na mji wa Newbury, Uingereza. Jumamosi nilitoka zamu ya usiku, nikalala saa tatu tu, nikapanda treni hadi Newbury. Teksi kutoka stesheni haikuchukua muda. Matembezi yanaongozwa na wenyeji wanaojitolea, ada haifiki hata bei ya chakula cha mchana, na yanachukua kama saa mbili na nusu.

Mnakutana kwenye mnara wa zamani wa kuongozea ndege, ambao tangu 2018 umekuwa makumbusho yenye mkahawa. Aliyetuongoza sisi ni mzee mmoja mwenye mkoba uliojaa picha. Hakuanza na hotuba. Alituambia tumfuate, tukaenda, tukaenda, njia imenyooka kama rula na upepo unapiga usoni, hadi mtoto mmoja akauliza tunafika lini. Hapo ndipo mzee akasimama na kusema bado tumo kwenye njia ya kurukia ndege. Wamarekani waliirefusha miaka ya 1950 ikafika kilomita 3. Miguu yangu ilikuwa imeshaelewa kabla hajaitaja hiyo namba.

Kisha akatoa picha, ikapita mkono kwa mkono. Ni ya tarehe 5 Juni 1944, jioni, kwenye uwanja huu huu. Jenerali Eisenhower, kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika katika Vita vya Pili vya Dunia, amezungukwa na askari wa miamvuli wa Divisheni ya 101 ya Marekani, wamejipaka weusi usoni, saa chache tu kabla ya kurukia gizani Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Jenerali alikuwa ameshaonywa kwamba huenda wengi wao wasirudi, na alikwishaandika barua fupi ya kubeba lawama peke yake endapo mambo yangeharibika. Anayezungumza naye ana kibao shingoni chenye namba 23, namba ya ndege yake. Siku hiyo kijana huyo alikuwa anatimiza miaka 22. Mdogo wangu wa mwisho ana umri huo, na mimi bado nampigia simu kumuuliza kama amekula. Niliishika ile picha muda mrefu kuliko wenzangu wote, mpaka nikaona haya, nikamwuliza mzee: alipona? Alipona, mama, akarudi kwao. Nilishusha pumzi.

Zege la njia ile ya ndege karibu lote limeng'olewa. Jingine lilisagwa likatumika kwenye barabara ya mchepuko ya Newbury. Limeachwa kipande katikati, na hapa na pale mabomba ya zimamoto yamesimama nyasini bila jengo lolote karibu. Kwenye bomba moja ng'ombe alikuwa anajikuna shingo, taratibu, macho amefumba. Kwetu Singida ng'ombe hujikuna kwenye mkwaju vivyo hivyo. Mzee akaeleza kuwa ardhi hii ni malisho ya wote tangu zamani. Jeshi liliichukua wakati wa vita, na wananchi waliruhusiwa tena mwaka 2000. Wenye haki ya kulisha wamerudisha mifugo yao. Hilo ndilo lililonigusa kuliko hata ndege, maana najua watu ambao malisho yao yaliwekewa uzio na hayajarudi.

Manung'uniko yangu ni moja, na nilimwambia mzee uso kwa uso. Vita vilipewa karibu saa mbili, akina mama waliopiga kambi hapa wakapewa dakika kumi, tena watu wameshaanza kutafuta funguo za magari. Wanawake hawa walitembea kwa miguu kutoka Cardiff, wakafika Septemba 1981 kupinga makombora ya nyuklia, 96 kwa jumla, yaliyokuwa yanaletwa hapa. Desemba 1982 wanawake wapatao 30,000 walishikana mikono kuuzunguka uzio wote, wakatundika nguo za watoto na picha za familia kwenye waya. Makombora yalikuja 1983, ya mwisho yakaondoka 1991, na kambi ya wanawake hao ikabaki hadi 2000. Miaka 19 kwenye matope! Hilo si jambo la kusimulia mtu akiwa amesimama mguu mmoja. Mzee alikubali, akanionyesha njia ya kwenda kwenye bustani yao ya kumbukumbu, karibu na lililokuwa lango kuu. Nilikwenda peke yangu. Nendeni nanyi, hata kama kundi limetawanyika.

Maghala ya makombora, sita, bado yamo ndani ya uzio. Mnayaona kwa mbali, vilima vilivyoota majani. Vaeni viatu vya kufunga na koti la upepo hata kama jua linawaka. Kuanzia Machi hadi Julai msitoke njiani, kuna ndege wanaotaga chini.

Mama yangu anakuja Agosti, wakati vichaka vya huko vinachanua zambarau. Nimeshamnunulia viatu.